Kioo Kilichokwenda Talatala

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya maana imepiga leo. Bati zimelia mpaka mimi na mteja aliyefuata picha za kipaimara ikabidi tuelewane kwa vidole. Nimeamua kuandika humu kila nitakapopata nafasi, kwa sababu nikimweleza Jubilate mambo yangu anayasikia kama anavyoisikia hiyo mvua, na karatasi angalau hainijibu "tutaona."

Jubilate ni mume wangu. Yeye anapiga video za harusi na misiba, mimi nazihariri. Studio yetu ni chumba kimoja nyuma ya stendi hapa Kyela mjini, na juu ya mlango kumeandikwa jina lake peke yake. Sikuwahi kulalamika. Mchoraji alisema herufi zikizidi zitabanana.

Sasa nimepata kazi, na nimepewa mimi. Dada Catheline, afisa mafunzo wa chama cha wakulima wa kakao, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa huku mwaka juzi, ameniletea picha alizorekodi mashambani nimtengenezee filamu ya kuwafundisha wakulima kuvundika kakao. Punje iliyovundikwa vizuri ukiikata katikati ni kahawia. Iliyoharakishwa ni zambarau, na mnunuzi akiiona anaisukuma pembeni. Filamu nzima imesimama juu ya rangi hizo mbili. Akiridhika, filamu zote za chama za mwaka huu ni zangu, na sitakuwa tena mtu wa kusubiri Jubilate aniletee harusi za kuhariri kama anayenifadhili.

Taabu ni monita yangu. Imezeeka, kila kitu inakitia wekundu. Punje ya kahawia na ya zambarau kwenye kioo changu ni mapacha.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Umeme umekatika tangu asubuhi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwambia Jubilate nataka kununua monita mpya kwa fedha za mpunga wangu wa Njisi, lile shamba alilonipa mama. Akafurahi, nami nikajua kuna jambo.

"Tununue TV," akasema. "Inchi arobaini na tatu. TV si monita tu, ila kubwa?"

Nikamweleza. TV imetengenezwa ipendeze ukiwa umeegemea kochi, inaongeza rangi pasipo na rangi. Mimi nataka kioo kinachosema ukweli nikiwa nimekaa mbele yake. Tena mashine yetu ni ya zamani, ina tundu la bluu la kizamani tu, na monita nzuri za siku hizi hazina tundu hilo. Kwa hiyo lazima ninunue na kadi ya video, ile sehemu inayotoa picha kwenye mashine na kuipeleka kwenye kioo, na hiyo kadi lazima ikubaliane na mashine upande mmoja na kioo upande wa pili.

"Mama Anyitike, unapenda kujipa kazi," akasema, akaenda kuangalia mpira kwa jirani.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua kubwa. Mteja mmoja.

Alhamisi, 14 Machi

Nimekwenda Mbeya, kwa Lameck, fundi wa kompyuta pale Mwanjelwa. Kule juu ni baridi na ukungu, nilitetemeka kama mgonjwa, lakini sijafurahi hivi tangu Anyitike azaliwe.

Kadi kwanza. Lameck alinitolea kubwa yenye feni mbili, akaisifia. Nikaitamani. Halafu akauliza, "Mashine yako ikoje, dada?" Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akacheka. Mashine yangu ni ile nyembamba ya maofisini, imelala kama kitabu. Kadi ile isingeingia hata kwa nyundo, na hata ingeingia, pawa saplai yangu isingeweza kuilisha umeme. Akanitafutia nyingine, fupi, nyembamba, feni moja ndogo, isiyodai waya wake wa umeme. Ina matundu mawili na yote ya kisasa. "Hii haitakurusha angani," akasema, "ila itakufikisha." Nikaichukua.

Kioo ndicho kilichotuchukua muda. Cha kwanza kilikuwa kimepinda kama ganda la ndizi, cha vijana wa magemu. Cha pili kikubwa na bei nzuri, lakini ukisogea pembeni kidogo, rangi zinageuka. Cha tatu si kikubwa, hakina mbwembwe yoyote. Nikatoa kwenye kanga yangu punje za kakao nilizozikata nyumbani, moja kahawia, moja zambarau, nikachomeka flashi yenye picha ya punje hizo hizo, nikazishika kando ya kioo. Watu dukani walidhani nafanya uganga. Kwenye kile cha tatu, punje ya mkononi na punje ya kwenye kioo zilikuwa kitu kimoja.

Nusura nilie pale dukani. Lameck akanitazama, akasema kwa adabu, "Nikufungie, dada?"

Ijumaa, 15 Machi

Kadi imeingia, kioo kimewaka. Zambarau ni zambarau.

Nimefungua na harusi za zamani nione. Maskini maharusi wangu! Ili nipunguze ule wekundu, kumbe nilikuwa nawatia ukijani. Ndiyo maana wanasema picha za kwetu zinamfanya bibi harusi aonekane katoka kuugua malaria.

Jumanne, 19 Machi

Kazi inakwenda. Jubilate amekuja mara kadhaa kusimama nyuma yangu. Si kazi anayoiangalia, ni kioo. "Kinang'aa," anasema. "Kinang'aa kweli."

Jumatano, 27 Machi

Usipa, dagaa wetu wa ziwani, umepanda bei kwa sababu ziwa limechafuka. Tumekula ndizi na maharage. Jubilate amekuwa mpole kupita kiasi, kaniletea soda.

Jumamosi, 30 Machi

Sasa naijua ile soda ilikuwa ya nini.

Asubuhi amekuja na kaka yake Angetile na bajaji. Pasaka hii, anasema, anataka baba yao huko Talatala aione video ya msiba wa mama yao kwenye kioo cha maana. Mama mkwe alifariki mwaka jana. Video niliitengeneza mimi, kwa moyo wangu wote, kwa sababu yule mama alinipenda. Mwanzoni niliweka kipande cha siku ya harusi yetu, anacheka na kuwashukuru wageni kwa lugha yetu, "Ndaga fijo, ndaga fijo," mpaka kilemba kinamdondoka.

Ningesemaje? Ningemnyima mjane wa kiume kumwona mkewe siku ya Pasaka? Jubilate anajua kuchagua. Angekuja kusema anataka kioo aangalie mpira, ningemfukuza na mwiko.

"Jumatatu kinarudi," akasema.

Boksi nimebaki nalo. Nimekataa kulitoa, sijui kwa nini.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Tumeshinda Talatala. Nyumba ilijaa, nilisikia kila kitu na sikuona chochote, maana nilikuwa jikoni uani pamoja na wifi yangu Nancy, dada yake Jubilate, ambaye ameachika na ndiye anayemtunza mzee.

Niandike jambo hili, ili siku Anyitike akisoma humu asidhani mama yake alikaa jikoni kwa kupenda masufuria. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa haonani na baba mkwe. Haingii chumba alichomo, hamsemeshi. Wakikutana njiani yeye anapita migombani, na mzee anageuza uso. Siku hizi wengi wameacha, wenzangu wanakula meza moja na wakwe zao na mchungaji akiwa katikati. Mkwe wangu, mzee Asajile, hajaacha. Kwa hiyo uso wake siujui. Namjua kwa kikohozi, kwa kofia na kwa mgongo. Hata ile video ya msiba, vipande vyote alivyokuwemo yeye alivihariri Jubilate, mimi nikatoka nje. Sikuona uzito wake. Ni heshima, na mzee naye amenitunzia heshima hiyo. Akisikia sauti yangu uani, anakohoa kwanza ndipo atoke, nipate muda wa kupisha.

Sauti ya mama mkwe ilipotoka kwenye sabufa, wanawake wote jikoni tuliweka visu chini. Nancy alilia. Nami nililia. Nikamsamehe Jubilate, kwa siku hiyo.

Jumanne, 2 Aprili

Jubilate amerudi mikono mitupu. "Baba amekipenda. Tumwachie siku mbili tatu."

Ijumaa, 5 Aprili

"Njia mbaya," anasema. "Mvua ikipungua."

Jumatatu, 8 Aprili

Njia mbaya.

Jumatano, 10 Aprili

Njia mbaya, ila yeye jana amekwenda na kurudi, viatu vimejaa tope la Talatala.

Nimejaribu kufanya kazi. Niseme jinsi ilivyo: kadi mpya haina tundu la kuingiza waya wa monita ya zamani. Imekaa tu ndani ya mashine, feni inazunguka, haina wa kumpelekea picha. Ikabidi nirudishe waya kwenye lile tundu la bluu la zamani, nikarudi kwenye ule wekundu. Baada ya kuona kweli, uongo unauma zaidi. Zamani nilikuwa sijui kama sioni.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimempigia Nancy. Ananipenda, lakini anakula kwa mkono wa kaka zake, na hilo husikika kwenye sauti.

"Wifi, baba anakiangalia kweli?"

"Anakaa mbele yake, wifi. Kutwa."

"Na jioni?"

"Jioni wanakuja kina Angetile na wenzake. Wamefunga kisimbuzi. Wanaangalia mpira."

"Na Jubilate?"

"Si ndiye anayepangia watu viti?"

Basi nimeelewa. Talatala nzima sasa inasema mtoto wa mzee Asajile kamnunulia baba yake kioo. Mtoto wa mzee Asajile! Mpunga nililima mimi, nikafukuza ndege mimi, nikainama mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi hicho nakifulia na kukipigia pasi.

Jumanne, 16 Aprili

Mto umepanda. Wanasema mashamba ya chini kule Njisi yamejaa maji. Nimempigia mama, yeye yuko salama, mpunga haujulikani.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nimemwambia Jubilate wazi kwamba Dada Catheline anakuja wiki ijayo kuiona filamu. Kasema, "Mwambie umeme unasumbua." Anavyosema uongo kwa niaba yangu, utadhani ananifanyia hisani.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Njia mbaya.

Jumatano, 24 Aprili

Dada Catheline amekuja, buti zimelowa, kwenye mfuko wa nailoni amebeba kompyuta yake ndogo. Hakukaa. Nikamwonyesha kwangu, kisha akaihamishia kwenye yake.

Kwenye yake niliona nilichofanya. Nilibahatisha rangi kwa kukumbuka, na nilikosea. Pale sauti inaposema "tazama, hii imeiva vizuri," punje iliyo mkononi ni zambarau tupu. Pale inaposema "hii bado," ni kahawia. Filamu ya kuwafundisha watu wa Kyela nzima kuharibu kakao yao.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Naomi," akasema, "mwezi uliopita ulinitumia kipande kizuri. Nini kimetokea?"

Nikamwambia kioo kimekwenda kwa mkwe.

"Si ukakichukue?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo. Kisha akasema, "Kwetu pia kuna mambo. Lakini mafunzo yanaanza wiki ijayo. Jumanne nikikosa filamu, nitampa kijana wa Mbeya, na nikishampa yeye hii, na zilizobaki zitamfuata. Pole, dada."

Pole. Nimelibeba hilo neno mpaka nyumbani.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimemsubiri Jubilate amalize kula. Sikutaka aseme nimemnyima chakula.

"Nataka kioo changu kesho."

"Mama Anyitike, baba ni mzee. Amebaki na nini? Unataka nimnyang'anye?"

"Mpelekee TV. Mnunulie na Angetile."

"Fedha zipo wapi?"

"Zilizonunua kioo zilikuwa wapi? Kwenye maji, kwenye magoti yangu. Jubilate, Jumanne nisipotoa filamu, kazi imekwenda."

Akaosha mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akanitazama na kutabasamu, tabasamu ambalo sitalisahau nikifika mia.

"Sawa. Mimi sijakuzuia. Kipo pale sebuleni, mbele ya baba. Nenda ukakichukue mwenyewe."

Nilikuwa namtazama kama mtu ninayemwona mara ya kwanza. Kumbe siku zote ule haukuwa usahaulifu, wala ubovu wa njia. Alikiweka kioo mahali pekee hapa duniani ambapo mke wake hawezi kuingia, na alilijua hilo tangu anapakia kwenye bajaji. Heshima niliyompa baba yake miaka yote hii, ameitumia kama kufuli.

Nikaenda kuosha vyombo. Hilo ndilo jibu nililompa, na linanitia hasira mpaka sasa hivi ninapoandika.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimempigia Nancy nikamwomba anitolee kioo uani tu, nitakipokea mwenyewe. Kasema hawezi, kaka kamkataza kukigusa. Nikampigia mama kumuuliza. "Mwanangu, mimi sitakutuma," akasema. "Na sitakuzuia."

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda.

Jubilate alikuwa na harusi huko Ipinda, ametoka mapema na kamera zake. Nikachukua boksi tupu la kioo, nikalivika nailoni, nikapanda bodaboda. Njiani watu walicheka. Mwanamke, mvua, boksi tupu. Mwenye bodaboda alinishusha pale maji yalipokata barabara, nikavua viatu, nikavuka kwa miguu boksi likiwa kichwani, maji yakanifika mapajani. Nilikuwa namwomba Mungu, lakini si maombi mazuri.

Nancy alikuwa uani anamenya ndizi. Akaliona boksi kabla hajaniona mimi.

"Ugonile, wifi," nikamsalimu.

"Ndaga," akajibu. Kisu kikasimama. "Wifi, usifanye hivyo."

"Baba yuko wapi?"

"Si yuko ndani? Wifi, watasema. Wataitana kikao. Watakutoza."

"Waache watoze."

"Naomi!" Hajawahi kuniita kwa jina. Nami nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nilishika pazia. Nilikohoa. Nilikohoa kwa nguvu, kama yeye anavyonikoholea siku zote, ili apate muda wa kugeuka. Nikahesabu pumzi mbili, nikaingia na macho yangu chini, naiona sakafu tu, na miguu ya kiti, na miguu yake ndani ya ndala.

Sabufa ilikuwa inaongea. Ni ile video. Mama mkwe anacheka. Nami nikasubiri nisikie kiti kikilia, mzee akigeukia ukutani, au akinifukuza. Kiti hakikulia.

Nikainua macho.

Mzee Asajile alikuwa ananitazama usoni. Mtu ambaye amenigeuzia uso njiani tangu nilipoletwa na kilemba, ambaye aliwahi kusimama kwenye mvua nje ya nyumba yake mwenyewe mpaka nilipomaliza kufagia, alikuwa ananitazama usoni wala hafumbi, wala hageuki. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama maji ya mchele.

"Nancy?" akauliza.

Sikujibu. Mkwe hajibu.

Nikageukia kioo. Kilikuwa cheusi. Waya wake ulikuwa umechomoka kwenye kisimbuzi, pengine Nancy alipofagia, na pale katikati yalikuwa yanatembea yale maneno madogo ya kusema hakuna picha. Yanatoka kona hii yanakwenda ile. Mzee ameketi mbele yake, amevaa koti, amenyoa ndevu. Pembeni ya kioo wamebandika stika ya timu yao.

"Ndaga fijo, ndaga fijo," mama mkwe akasema kwenye sabufa, akiwashukuru wageni wa harusi yangu.

"Ndaga," mzee akamjibu.

Hapo ndipo nilipolia, na nililia nikiziba mdomo kwa kanga. Nilimlilia yeye, na nilijililia. Sauti ilikuwa inatoka kwenye flashi iliyochomekwa kwenye kisimbuzi, moja kwa moja hadi kwenye sabufa, haikupitia kwenye kioo hata kidogo. Hakuhitaji kioo. Hajawahi kukihitaji. Alichohitaji kilikuwa ni yule mama na sauti yake, na hicho nilikuwa nimempa tangu mwaka jana.

Nikachomoa waya wa umeme wa kioo. Nikakibeba. Mama mkwe aliendelea kucheka. Mzee hakugeuza kichwa.

Uani Nancy alikuwa amekaa chini kabisa, ndizi zimemwagika.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Yalianza kabla mama hajafa. Kwenye msiba tulimshika mkono."

Ndivyo vile vipande alivyovihariri Jubilate, mimi nikiwa nimesimama nje kwa heshima.

"Na mimi sikuambiwa."

"Kaka alisema usiambiwe. Ungejua, wifi, ungeuliza kioo ni cha kumwonyesha nani."

Akanisaidia kukiingiza kwenye boksi. Alikifuta kwanza kwa kanga yake, akabandua ile stika.

Jumapili, 28 Aprili

Jubilate amerudi kutoka Talatala amelowa na amevimba. Nilikuwa kwenye mashine, kwenye kioo changu, sikusimama.

"Umeingia! Umeingia alimokuwa baba yangu! Unajua umetuvunjia nini? Wazee wanataka kukaa. Watataka ng'ombe!"

"Hakuniona," nikasema.

Nimeishi naye muda wa kutosha kuijua hesabu inayopita usoni mwake, na niliiona ikipita, na haikutoka vizuri.

Nancy amenipigia mchana kunisimulia yaliyotokea jana jioni. Kina Angetile walikuja kwa mpira kama kawaida, wakajipanga kwenye viti, kisha wakaona ukuta. Wakamuuliza mzee, "Baba, kioo kiko wapi?"

Mzee akaonyesha kidole kule kule sabufa inakoongelea. "Si hicho hapo? Mbona kinaongea?"

Nancy anasema hakuna aliyecheka. Waliondoka mmoja mmoja.

Jumanne, 30 Aprili

Filamu nimeikabidhi. Kahawia ni kahawia. Dada Catheline ameitazama mara mbili, akasema filamu inayofuata ataileta baada ya mafunzo. Nilidhani nitafurahi kuliko hivi.

Alhamisi, 2 Mei

Kikao kimekaa bila mimi. Faini ya ng'ombe imekuwa jogoo. Anayeshikilia nilipe hata huyo jogoo ni Jubilate. Nancy anasema mzee alipoelezwa aliuliza jambo moja tu, "Alinisemesha?" Wakamwambia hapana. "Basi mkwe wangu hana kosa," akasema, akawaomba wamwongezee sauti ya sabufa. Nimemtumia Nancy habari kwamba nitafuatilia miadi ya macho hospitalini. Miaka yote hakuna mtoto wake aliyeuliza kama yanatibika. Walikuwa wanaulizia kisimbuzi.

Jumapili, 5 Mei

Mvua imekatika. Tope linaanza kukauka, mji unanuka samaki na majani yaliyooza. Mpunga wa Njisi umeokoka nusu.

Nimemwita mchoraji wa lile bango la mlangoni. Anasema herufi zitabanana. Nimemwambia azibane.

Jubilate amekaa mlangoni asubuhi nzima. Mwishowe akauliza, kwa ile sauti ya soda, kama kioo kinaweza kwenda Talatala leo, jioni hii tu. Kuna mechi kubwa. Yaani, baba anakiulizia.

Nikamwonyesha kona ilipokaa ile monita yangu ya zamani, yenye wekundu, isiyo hata na tundu la kuingiza waya wa kisimbuzi.

"Mpelekee hiyo," nikamwambia. "Baba hataona tofauti."